Baiskeli za Changarawe Vijijini Ufaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Njia Zisizo na Magari

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mwendesha baiskeli anayetaka kukaa siku kadhaa katika vijiji vya Ufaransa bila kusikia lori likimkaribia nyuma, na ambaye anapendelea changarawe na udongo kuliko lami. Majibu hayana urefu sawa, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Njia isiyo na magari ni ipi hasa, kwa mujibu wa sheria?

Kuna aina kadhaa, na kuzichanganya ndiko kunakowaletea wageni usumbufu mwingi. Ya kwanza ni njia ya kijani, ambayo Wafaransa huiita voie verte. Iliingizwa katika sheria ya barabara mwaka 2004, na imetengwa kwa ajili ya waenda kwa miguu, baiskeli, viti vya magurudumu na, mahali pengine, wapanda farasi. Utaitambua kwa kibao cha mraba chenye rangi ya buluu na michoro ya watumiaji hao. Ya pili ni njia ya ukingoni mwa mfereji au mto, chemin de halage, ambako zamani wanyama na watu walivuta mashua kwa kamba. Ya tatu ni mtandao mkubwa wa njia za mashamba na misitu, ambao hauna kibao maalumu wala jina la kitalii, na kwa maoni yangu ndio utajiri halisi wa nchi hiyo kwa mwenye baiskeli ya changarawe.

Hata hivyo, maneno “bila magari” yasichukuliwe kuwa ahadi kamili. Trekta la mkulima, gari la mafundi wa mfereji au lori la magogo laweza kutokea popote kati ya hizo, na lina haki ya kuwapo. Vilevile njia za kijani hukatizwa na barabara kila baada ya kilomita chache, na kwenye makutano hayo mara nyingi mwendesha baiskeli ndiye anayepaswa kusimama.

Kwa nini njia hizi ni nyingi namna hiyo?

Sababu kubwa ni reli zilizokufa. Mwaka 1878 waziri wa ujenzi, Charles de Freycinet, alianzisha mpango wa kuipelekea reli kila wilaya ndogo (arrondissement), na kwa miongo iliyofuata reli ndogondogo zilipenya mabonde yaliyokuwa hayajawahi kuona behewa. Basi na lori zilipoingia, reli hizo zilianza kufungwa, na kufikia miaka ya 1970 nyingi zilikuwa zimeng’olewa vyuma. Kilichobaki ni tuta lenye mteremko mdogo, madaraja ya mawe na mahandaki. Treni ya makaa haiwezi kupanda mlima mkali, na kwa hiyo mwendesha baiskeli wa leo anapanda mlima ambao wahandisi wa karne ya 19 walikwisha kuulainisha kwa niaba yake.

Mwaka 1997 sehemu ya reli ya zamani kati ya Givry na Cluny, mkoani Burgundy, ilifunguliwa ikiwa njia ya kijani ya kilomita 44, na inatajwa kuwa ya kwanza nchini. Mwaka uliofuata serikali ilipitisha mpango wa kitaifa wa njia za baiskeli, ambao umerekebishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo.

Je, njia zote za kijani zina changarawe?

Hapana, na hapa ndipo msafiri anapotakiwa kuwa macho kuliko penginepo. Umaarufu wa njia haukuelezi chochote kuhusu ardhi yake. Njia ya Givry hadi Cluny niliyoitaja ni ya lami tupu. Ile ya kando ya Mfereji wa Garonne, kutoka Toulouse kuelekea Bordeaux, ni ya lami karibu yote. La Loire à Vélo, yenye kilomita 900 hivi na sifa duniani kote, ni nzuri kwa familia na kwa wapenda makasri, lakini sehemu kubwa yake ni lami na vijia vidogo vya vijijini vinavyopitiwa na magari machache. Mtu aliyenunua baiskeli ya changarawe akaipeleka huko atafurahia mandhari, ila matairi yake hayatakuwa na kazi.

Unaposoma maelezo ya njia, tafuta neno stabilisé, linalomaanisha mchanga na kokoto zilizoshindiliwa, na uliepuke neno enrobé, ambalo ni lami. Shirika la AF3V lina orodha ya njia za kijani za nchi nzima, na aina ya ardhi huonyeshwa humo.

Nianze na njia ipi iliyokuwa reli?

Ninapendekeza mbili kuliko zote, na ningeanza na Dolce Via, katika wilaya ya Ardèche. Inafuata bonde la mto Eyrieux juu ya reli nyembamba ya Vivarais iliyofungwa mwaka 1968, na matawi yake kwa jumla yana kilomita 90 hivi. Unaanza La Voulte-sur-Rhône, ukingoni mwa mto Rhône, ambako njia inaungana na ViaRhôna, njia ya baiskeli inayoufuata mto huo, kisha unapanda polepole kupitia Les Ollières hadi Le Cheylard. Hapo njia inagawanyika: tawi moja linakwenda Lamastre, na jingine linapanda hadi Saint-Agrève, mji ulio juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mteremko wa tawi hilo la mwisho hufikia asilimia 3 hivi, kiasi ambacho hakimchoshi mtu kwa ghafla bali humla nguvu kwa saa kadhaa. Ardhi yake karibu kote ni kokoto zilizoshindiliwa. Utapita kwenye mahandaki mafupi, madaraja ya mawe, stesheni ndogo zilizogeuzwa mikahawa, na miteremko ya matuta ya mawe yenye michestinati, zao ambalo wakulima wa Ardèche wamelitegemea kwa karne nyingi. Ukitaka kuonja jinsi reli hiyo ilivyokuwa, treni ya mvuke ya watalii ingali inapita kati ya Saint-Jean-de-Muzols na Lamastre.

Ya pili ni PassaPaïs, kusini, ndani ya hifadhi ya mkoa ya Haut-Languedoc. Ina kilomita 80 hivi kutoka Mazamet hadi Bédarieux, na uzuri wake mmoja ambao hautajwi vya kutosha ni kwamba miji yote miwili ina stesheni hai ya treni, hivyo hulazimiki kurudi ulikotoka. Karibu na Courniou unapita kwenye handaki refu lililo mahali ambapo maji ya mvua yanagawana njia: upande mmoja yanakwenda Atlantiki, upande mwingine Mediterania. Mabadiliko huonekana kwa macho. Upande wa Mazamet kuna misitu mizito na baridi. Ukishuka kuelekea Olargues unakutana na miti ya cheri, mizabibu na mwanga mkali wa kusini, huku mlima Caroux ukiwa umesimama kushoto kwako. Ukifika Mons-la-Trivalle, iache baiskeli kwa saa mbili utembee katika korongo la Héric.

Na njia za kando ya mifereji?

Kwa changarawe, mfereji wa kwanza ni ule wa kutoka Nantes hadi Brest, wenye kilomita 360 hivi. Ulibuniwa enzi za Napoleon ili bandari ya kijeshi ya Brest iweze kupata mahitaji yake hata pale manowari za Kiingereza zilipoizingira baharini, na ujenzi ukaendelea hadi 1842. Njia ya kukokotea mashua ingalipo kwa karibu urefu wote, na ardhi yake ni mchanganyiko wa mchanga, kokoto na udongo. Unapita Redon, Malestroit, Josselin pamoja na kasri yake iliyo juu ya maji, kisha Pontivy na Carhaix. Huko Glomel mfereji unapita katika mtaro mrefu uliochimbwa na wafungwa wa gereza la Brest kati ya 1823 na 1832, kazi ambayo mtu anayepita juu ya kingo zake haoni alama nyingi zake isipokuwa kina chenyewe.

Kuna mambo mawili ya kujua kabla ya kwenda. Bwawa la Guerlédan, lililokamilika mwaka 1930, lilizamisha sehemu ya mfereji pamoja na malango yake ya maji, kwa hiyo hapo inakubidi uache ukingo na kufuata njia nyingine, ikiwemo reli ya zamani inayopita karibu. Pia njia haifiki Brest yenyewe: mfereji unaingia katika mto Aulne karibu na Châteaulin, na wengi humalizia hapo wakapanda treni.

Mfereji wa Midi ni habari nyingine. Pierre-Paul Riquet alianza kuujenga mwaka 1666 na ukakamilika 1681, una kilomita 240, na UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996. Kilomita 50 za kwanza kutoka Toulouse ni lami; baada ya hapo ardhi hubadilika mara kwa mara, kutoka sehemu zilizotengenezwa miaka ya karibuni hadi vijia vyembamba vyenye mizizi inayorusha gurudumu. Mizizi hiyo ni ya miti mikubwa ya mplaneti iliyopandwa ukingoni, ambayo tangu 2006 imekuwa ikifa kwa ugonjwa wa kuvu, na maelfu imekatwa na kuchomwa moto. Katika sehemu zilizokatwa, jua la Julai halina huruma.

Anayetaka jambo jepesi zaidi aende mto Mayenne, magharibi, ambako njia ya ukingoni ya kilomita 85 hivi inapita Laval na Château-Gontier. Ni tambarare, ina kivuli, na watoto wanaweza kuimudu.

Nina siku mbili tu na nipo Paris. Niende wapi?

Panda treni hadi Nogent-le-Rotrou, kisha ufuate barabara ndogo hadi Condé-sur-Huisne. Kutoka hapo kuna njia ya kijani ya kilomita 67 hadi Alençon, kupitia Mortagne-au-Perche, katika nchi ya vilima, malisho na ua za miti. Ni sehemu ya Véloscénie, njia inayotoka Paris hadi Mont-Saint-Michel. Alençon ina stesheni, kwa hiyo unaweza kurudi Paris kwa treni kupitia Le Mans.

Je, ninaruhusiwa kupita kwenye njia za mashamba?

Hili ndilo swali lenye jibu refu kuliko yote, kwa sababu njia mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kuwa na hadhi tofauti mbele ya sheria.

Chemin rural ni mali ya serikali ya kijiji, na sheria inasema imewekwa kwa matumizi ya umma. Unaweza kupita kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi bila kumwomba mtu ruhusa, isipokuwa meya ametoa amri ya kukataza na kuiweka wazi. Chemin d’exploitation, kinyume chake, ni njia ya wenye mashamba yanayopakana nayo. Wao wanaitumia kwa pamoja, na wanaweza kuwazuia watu wengine. Pasipo kibao wala kizuizi, desturi ni kwamba watu hupita. Pakiwekwa kibao cha Propriété privée, yaani mali binafsi, unageuza baiskeli na kutafuta njia nyingine, hata kama ramani ya simu yako inasisitiza kwamba uendelee mbele.

Tangu Februari 2023 suala hili lina uzito zaidi. Sheria iliyopitishwa wakati huo ilikusudiwa hasa kuondoa uzio mrefu uliokuwa umezingira mashamba ya wawindaji, hususan katika eneo la Sologne, kwa kuwa uliwazuia wanyama kuhama. Lakini kwa upande wa pili wa mizani sheria hiyo hiyo iliweka faini kwa mtu anayeingia bila idhini katika mali ya vijijini au msitu wa mtu binafsi ambao mipaka yake imeonyeshwa kwa alama. Waendesha baiskeli na watembeaji wengi waliipokea kwa hasira. Kwa msafiri, maana yake ni kwamba kibao si ushauri tena.

Kuna njia ya kuhakikisha mapema. Ramani ya viwanja vya ardhi ya Ufaransa, cadastre, iko wazi kwenye intaneti bila malipo. Chemin rural huonekana humo kama ukanda mweupe usio na namba ya kiwanja, mara nyingi ukiwa na jina lake. Njia iliyo ndani ya kiwanja chenye namba ni ya mtu. Kuchunguza kilomita 60 kwa namna hiyo ni kazi ya jioni nzima, kwa hiyo fanya hivyo tu kwa zile sehemu zinazokutia shaka.

Na misitu?

Misitu ya taifa inasimamiwa na ofisi ya misitu ya umma, ONF. Njia zake za kokoto zilizofungwa kwa kizuizi cha chuma kwa kawaida zimezuiwa kwa magari, na baiskeli hupita kando ya kizuizi. Sheria ya Januari 1991 inakataza magari na pikipiki kutoka nje ya barabara zilizo wazi kwa umma, na ndiyo inayolinda utulivu unaoukuta humo. Msitu wa Orléans, wenye hekta 35,000 hivi, una njia ndefu zilizonyooka ambazo mwanzoni hufurahisha na baada ya saa moja huchosha akili. Mimi ningechagua Tronçais, katika wilaya ya Allier: ni mdogo zaidi, lakini una mialoni iliyopandwa baada ya mageuzi ya karne ya 17 ya Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14, na mabwawa ya kupumzikia.

Msitu wa misonobari wa Landes, kusini-magharibi, unaonekana kuvutia kwenye ramani. Ardhi yake ni mchanga, na nje ya njia zilizotengenezwa utasukuma baiskeli.

Niamini ramani gani?

Ramani za IGN, taasisi ya taifa ya jiografia, za kipimo cha 1:25,000, ndizo bora, na zinapatikana kwa karatasi na kwa simu. Zinaonyesha njia za mashamba, mistari ya mwinuko, nyaya za umeme wa juu na hata visima. Ramani huria za OpenStreetMap zina faida ya kuonyesha aina ya ardhi, lakini taarifa hiyo inategemea nani aliyepita hapo na lini. Linganisha zote mbili na picha ya angani. Njia nyeupe na pana kwenye picha kwa kawaida ni kokoto. Mistari miwili myembamba yenye majani katikati ni njia ya trekta, ambayo baada ya mvua itakuwa matope.

Pakua ramani kabla ya kuondoka, kwani katika mabonde ya Ardèche, Cévennes na Morvan mtandao wa simu hupotea kwa muda mrefu.

Je, naweza kufuata njia za GR zenye alama nyeupe na nyekundu?

Njia hizo ziliwekwa alama na shirikisho la watembeaji kwa ajili ya watembeaji. Sheria haizifungi zote kwa baiskeli, lakini nyingi zina ngazi, miamba na vijia visivyotosha watu wawili kupishana, na katika maeneo ya hifadhi baiskeli huweza kukatazwa. Zifuate pale tu zinapopita juu ya njia pana ya shamba au msitu, na umpishe anayetembea kwa miguu daima.

Nahitaji baiskeli ya namna gani na matairi ya upana gani?

Kwa Dolce Via, PassaPaïs na mifereji mingi, tairi la milimita 38 hadi 42 linatosha kabisa. Kwa njia za mashamba na kwa nyanda za chokaa za Causses, ambako mawe meupe yana ncha kali, chukua milimita 45 au zaidi, na ikiwezekana tairi lisilo na tyubu lenye maji ya kuziba pancha, kwa sababu miiba ya ua zilizopogolewa wakati wa vuli ni mingi. Hata hivyo beba tyubu mbili, pampu na viraka. Mafundi wa baiskeli wako mijini. Katika vijiji hutawakuta. Gia nyepesi ni muhimu kuliko fremu ya bei ghali, hasa ukiwa na mizigo.

Baiskeli yenye mota ya umeme inaruhusiwa kwenye njia za kijani mradi mota haizidi wati 250 na huacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Zile za kasi ya kilomita 45 huhesabiwa kuwa pikipiki ndogo na haziruhusiwi.

Sheria inanitaka niwe na nini?

Kengele, breki mbili, viakisi mwanga, na taa ya mbele na ya nyuma giza linapoingia au mwonekano unapopungua. Nje ya miji, usiku au kwenye ukungu, ni lazima kuvaa fulana ya kuakisi mwanga. Helmeti ni lazima kwa watoto walio chini ya miaka 12 tangu Machi 2017. Kwa watu wazima ni hiari. Kuvaa vipokea sauti masikioni kunakatazwa, na faini yake ni yuro 135.

Wakati gani wa mwaka unafaa?

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti kusini kuna joto kali, na kuna jambo la pili ambalo wageni hawalitarajii: katika misitu ya Mediterania mamlaka za wilaya hutoa kila siku ramani ya hatari ya moto, na siku za hatari kubwa kuingia msituni kunapigwa marufuku, hata kwa miguu. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 2022 katika Gironde, marufuku za namna hiyo zimezingatiwa kwa makini upande wa magharibi pia. Angalia ramani hiyo jioni kabla ya safari.

Majira ya baridi kingo za mito hufurika, na kokoto zilizoshindiliwa hulowa na kunata kwenye mnyororo.

Nimesikia kuhusu wawindaji. Je, ni hatari?

Msimu wa uwindaji kwa jumla huanza Septemba na kumalizika mwishoni mwa Februari, na siku zenye shughuli nyingi ni mwisho wa juma, hasa Jumapili. Wawindaji wanaowinda kwa kundi huweka kwenye njia vibao vya Chasse en cours, yaani uwindaji unaendelea. Ajali zimewahi kuwapata watu wasio wawindaji, wakiwemo waendesha baiskeli, kwa hiyo lisichukuliwe kama jambo la mzaha. Vaa rangi ya chungwa au njano kali na usisite kumsalimia mwindaji wa kwanza unayemwona na kumuuliza wanaelekea wapi. Kwa kawaida atakuelekeza vizuri. Reli za zamani na mifereji ni salama zaidi kuliko misitu katika miezi hiyo.

Nikikutana na mbwa wa mifugo?

Katika Causses, Alps na Pyrenees makundi ya kondoo hulindwa na mbwa wakubwa weupe waitwao patou, ambao hulelewa pamoja na kondoo tangu wakiwa wachanga na hawangoji amri ya mchungaji. Kasi ya baiskeli ndiyo inayowachokoza. Shuka mapema, iweke baiskeli kati yako na mbwa, usimkazie macho wala kumpigia kelele, na ulizunguke kundi kwa mbali ukitembea. Ukifungua lango la malisho, lifunge nyuma yako.

Maji na chakula nitapata wapi?

Makaburi ya vijiji karibu yote yana bomba kwa ajili ya kumwagilia maua, na maji yake mara nyingi ni ya kunywa, isipokuwa pameandikwa Eau non potable. Waendesha baiskeli wa Ufaransa wote wanaijua siri hii. Chakula ni kigumu zaidi kuliko maji: maduka ya vijijini hufungwa mchana kwa saa mbili au zaidi, Jumapili alasiri kunakuwa kimya, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hayafunguliwi kabisa. Nunua mkate, jibini na matunda kabla ya saa sita mchana, kila siku, bila kutumaini kijiji kinachofuata.

Nilale wapi?

Kambi ndogo za vijiji, camping municipal, ni nafuu na mara nyingi ziko kando ya mto. Tafuta pia nembo ya Accueil Vélo, inayotolewa kwa nyumba za wageni na kambi zilizo ndani ya kilomita 5 kutoka njia ya baiskeli yenye alama, zenye mahali salama pa kufungia baiskeli na vifaa vya matengenezo madogo. Kupiga hema porini kunategemea ruhusa ya mwenye ardhi na amri za mahali husika.

Je, baiskeli inapandishwa kwenye treni?

Katika treni za mikoa, TER, baiskeli iliyo nzima kwa kawaida husafiri bure, ingawa baadhi ya mikoa hutaka uhifadhi nafasi wakati wa kiangazi. TGV, treni za mwendo kasi, ni ngumu zaidi: nafasi za baiskeli nzima ni chache na za kulipia, na si kila treni inazo, vinginevyo unaifungua na kuitia katika mfuko. Tangu 2021 kanuni inataka treni mpya za masafa marefu ziwe na nafasi za baiskeli, lakini treni za zamani zingali nyingi. Panga safari kwa TER kila inapowezekana.

Ninatoka Afrika Mashariki. Kuna la ziada?

Viza ya Schengen, ambayo huruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Hakikisha bima hiyo inataja uendeshaji baiskeli. Mashirika ya ndege huitoza baiskeli kila moja kwa kanuni zake, na kwa safari ya juma moja kukodi huenda kukawa nafuu zaidi. Miji ya Valence, Toulouse na Nantes ina maduka ya kukodisha, ila uliza wazi kama wana baiskeli za changarawe, kwa kuwa nyingi ni za mijini. Vijijini Kiingereza hakikufikishi mbali. Msomaji kutoka Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa atajikuta ana faida kubwa kuliko mwenzake wa Arusha au Nakuru, hasa anapomuuliza mkulima kama njia iliyo mbele inapitika.

Nikipata ajali mahali pasipo na kijiji?

Piga 112, namba inayofanya kazi kwa mtandao wowote wa simu uliopo hata kama si wako. 15 ni ya madaktari wa dharura na 18 ya zimamoto, ambao vijijini mara nyingi ndio wanaofika kwanza. Taja jina la njia, kijiji cha mwisho ulichopita na upande unaoelekea. Kwenye mifereji taja jina au namba ya lango la maji lililo karibu, kwani mara nyingi huandikwa kwenye nyumba ya mlinzi, na kwenye reli za zamani tafuta namba ya kilomita kwenye nguzo au kwenye makutano na barabara.